Hakitupwi Kitu: Mwano Uani kwa Salvina

Mliniacha nimechuchumaa nyuma ya stoo, kopo moja mkono wa kulia, kopo jingine mkono wa kushoto, na filimbi ya sungusungu inalia mtaani.

Ililia mara tatu. Mara tatu ni msiba.

"Bibi Justa amefariki!" Ilikuwa sauti ya Masele, mwenyekiti wa sungusungu, walinzi wa mtaa wetu hapa Nyahanga. "Bibi Justa, mama yake Salvina, amefariki alfajiri!"

Akanyamaza. Siku nyingine hapo angetaja saa ya kuchimba kaburi, nani alete jembe, nani alete kuni, nani achote maji. Nilisubiri ataje.

"Kila mtu akae kwake," alisema. "Salvina bado ametengwa. Anayekanyaga ua wake atatengwa naye."

Filimbi ikahamia mtaa wa pili.

Nikatazama makopo yangu. Yalikuwa makopo mawili ya rangi, yametobolewa chini, na ndani yake nilikuwa nimepanda maharage siku kumi na nne zilizopita. Kopo la kulia lilikuwa na mboji iliyotokana na taka za sokoni tu, zile anazotuletea Salvina, mbeba taka wetu. Maharage yake yalikuwa yamesimama, majani mapana kama viganja.

Kopo la kushoto lilikuwa na mboji ya lundo la nyasi, lundo langu. Maharage yake yalikuwa yamejikunja kama vidole vya mtu aliyeshikwa na baridi, na shina limepinda likarudi kutazama udongo.

Basi nilijua. Nilikuwa nimejua tangu mwanzo, lakini sasa maharage yalikuwa yamesema.

Wewe uliyeanza kusoma leo, nikwambie kwa kifupi, maana aibu haina haja ya maneno mengi.

Mume wangu Raphael ndiye aliyeanzisha kazi yetu ya bustani. Tunakata majani kwenye nyumba za watu, kwenye gesti, kanisani, kisha hatuyatupi. Tunayarudisha nyumbani kwa guta, baiskeli yetu ya magurudumu matatu, tunayachanganya na samadi, pumba za mpunga, majivu na taka za sokoni, tunayageuza kila wiki ya tatu, na baada ya miezi mitatu tunawauzia mboji akina mama wanaolima nyanya bondeni. Getini Raphael aliandika kwa mkono wake: HAKITUPWI KITU.

Alikuwa na sheria mbili tu. Nyasi iliyopuliziwa dawa ya magugu haiingii kwenye lundo. Inawekwa peke yake ukutani, ioze huko mpaka isahauliwe. Na mboji haiuzwi kabla ya kupandiwa maharage kwenye kopo. "Maharage hayana adabu ya kuficha," alikuwa akisema. "Yakionja dawa yanakunja uso palepale."

Raphael alifariki mwezi wa pili. Wiki tatu baadaye nikampa Adam, fundi wetu, bomba la kupulizia. Kung'oa magugu kwa mkono kwenye bustani tisa kulinishinda. Tulipulizia, tukakata, tukarundika. Maharage sikupanda.

Nyanya za akina mama zikajikunja bondeni kote.

Wakakaa kikao. Lusia, mwenyekiti wa akina mama wa nyanya, akasema Salvina ameleta nyanya zenye ugonjwa kutoka sokoni akazitia kwenye mboji makusudi, kwa kuwa alinyimwa kipande cha shamba bondeni. Salvina akakana. Masele akanigeukia: "Mama Enock, mboji ni ya kwako. Unasemaje?"

Nikasema, "Taka za sokoni analeta yeye."

Ni kweli. Anazileta yeye. Sikusema uongo hata neno moja, na siku hiyohiyo Salvina akatengwa. Asisalimiwe, asiuziwe, asiazimwe hata moto. Nilikwenda nyumbani nikapanda maharage, kama mwizi anayerudi kuhesabu alichoiba.

Sasa mama yake alikuwa amelala ndani, na hakuna wa kumchimbia.

"Mwaga hayo."

Niliruka. Adam alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, kofia mkononi. Ni mtu mzima, ana mvi kwenye ndevu, alifanya kazi na Raphael miaka kumi na moja.

"Shikamoo kwanza haipo?" nilimuuliza, nikijaribu kuficha makopo nyuma ya kanga.

"Mama Enock, mimi nimekuzidi miaka sita, shikamoo ingetoka kwako. Mwaga hayo maharage."

"Umeyaona?"

"Nayaona kila asubuhi. Unadhani unayemwagilia ni wewe peke yako? Wewe ulikuwa unasahau." Akavuta pumzi. "Wageni wa Umoja wa Bustani wanakuja saa sita. Wametoka Bukombe kuja kujifunza kwetu. Kwetu, Mama Enock! Bwana Magesa, kiongozi wao, amesema tukiwafurahisha tutafundisha vikundi vyote mpaka Ushirombo. Hiyo ndiyo ndoto ya marehemu. Unataka waje wakute makopo?"

"Bibi Justa amekufa, Adam."

"Nimesikia."

"Hana wa kumchimbia."

"Ana mjukuu."

"Onesmo yuko Mwakitolyo, yuko shimoni. Simu ya mchimba dhahabu inapatikana lini?"

Adam akatazama kofia yake. "Bomba nilishika mimi," alisema taratibu. "Ukisema, unasema na mimi."

Nikayaweka makopo kwenye ndoo, nikafunika na gunia. Nikachukua jembe.

"Unakwenda wapi?"

Nikatoka getini. Nilikuwa sijui kama nitafika.

Na kweli, mara ya kwanza sikufika.

Nilikuwa nimepita nyumba nne tu nilipokutana na Lusia, anatoka kununua mkaa. Lusia akiongea, mtaa wa pili unasikia bila kulipa.

"Mwangaluka, Mama Enock! Jembe asubuhi asubuhi, unakwenda wapi?"

Njia ile inakwenda sehemu mbili. Kwa Salvina, na kwenye bustani ya kanisa.

"Kanisani," nilisema. "Nikapalilie maua."

"Hapo sawa. Nikadhani unampelekea yule mwanamke huruma." Akatema mate pembeni. "Miche mia tatu, Mama Enock! Mia tatu! Nimeimwagilia kwa kichwa changu, ndoo kwa ndoo. Leo na yeye aonje. Achimbe na kucha."

"Bibi Justa hakukosa kitu," nilisema, sauti ndogo.

"Nani kamzaa?"

Akaenda zake. Na mimi, mbele ya Mungu, niligeuka nikarudi nyumbani.

Nilikaa jikoni na jembe mapajani. Ukutani kuna picha ya Raphael siku ya kipaimara cha Enock, shati limemkaa vibaya shingoni. Siwezi kusema alinitazama. Alikuwa anatazama mpiga picha. Lakini nilikumbuka mvua ile ya miaka minne iliyopita, alipofariki baba yake Salvina. Watu walijikinga barazani wakisubiri mvua ikate. Raphael aliingia kaburini peke yake akachimba ndani ya matope mpaka kiunoni. Alirudi nyumbani hana sehemu safi isipokuwa meno. Nilimfokea kwa ajili ya suruali.

Nilisimama. Safari hii nikachukua na ndoo.

Nilisikia kabla ya kuona. Chaka, chaka, chaka. Jembe kwenye udongo mkavu.

Wenzangu, kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Sijawahi kuona, mama yangu hakuwahi kuona. Salvina alikuwa nyuma ya nyumba, amejifunga kanga kifuani, miguu peku, anachimba kaburi la mama yake. Shimo lilikuwa limefika magotini. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa, na vitambaa vilikuwa vyekundu.

Guta letu lilikuwa limesimama kando ya ukuta, lile la kubebea taka, lenye mnyororo unaolia kama bata. Tangu atengwe hakuna aliyethubutu kulifuata.

Aliniona. Hakuacha kuchimba.

"Umekuja kuchukua guta?" aliuliza. "Lipo hapo. Tairi moja la nyuma lilipata pancha, nililiziba. Nililijaza upepo juzi."

"Pole na msiba, Mama Onesmo."

"Unanisalimu? Masele akisikia je?"

"Asikie."

"Haya. Asante." Chaka. "Mama ameondoka bila shida. Aliomba uji, nikaenda kuazima moto, nikakumbuka siazimwi. Nikasugua kiberiti mpaka njiti ya mwisho ndiyo ikawaka. Niliporudi na moto, alikuwa ameshaondoka." Chaka. "Katekista Wiliam amesema atakuja saa nane. Yeye ni wa kanisa, si wa sungusungu. Nataka saa nane ikute shimo lipo."

Nikaingia shimoni. Tukachimba. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, marefu, mazuri.

"Salvina," nilisema mwisho. "Zile nyanya..."

"Usiseme."

"Lazima niseme. Zile nyanya..."

"Mama Enock, ile nyasi nilibeba mimi kwenye guta." Aliliegemea jembe. Ndipo akanitazama. "Unafikiri pua yangu imekufa? Nyasi iliyopigwa dawa inanuka kama mafuta ya taa yaliyochacha. Magugu yamekauka yamesimama, nyasi ya kijani pembeni. Hata kipofu angejua."

Nikachomeka jembe chini.

"Ulijua?"

"Siku ileile."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa na kitambaa cheusi kichwani. Nikasema, huyu ana msiba, akili yake bado iko makaburini. Atakumbuka kabla ya kuuza, atapanda maharage. Nikangoja." Akajifuta uso kwa mkono wa vitambaa, ukaacha alama nyekundu. "Ukauza. Nikasema, labda dawa imeisha nguvu. Hapo ni kosa langu, sikatai. Ningewaambia akina mama wasipande. Sikuwaambia. Hilo nitalijibu mwenyewe."

"Na kwenye kikao?"

"Kwenye kikao nilikutazama wewe."

Nilikumbuka. Alinitazama kweli. Nilidhani ananiomba nimtetee. Kumbe alikuwa ananipa nafasi.

"Raphael alimzika baba yangu kwenye mvua," alisema. "Ningesimama vipi mbele ya watu nimvue nguo mjane wake? Nikasema, acha aseme mwenyewe. Kesho atasema. Kesho atasema." Akainua jembe. "Chimba, jua linapanda."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kimoja. Hata tukichimba mpaka saa nane, sisi wanawake wawili, tungemaliza nini? Shimo la nusu. Nani angebeba jeneza? Nani angeimba? Na kesho Salvina angebaki aliyetengwa, na mimi ningerudi nyumbani nijisifu moyoni kwamba nilimsaidia.

Kuchimba ilikuwa njia yangu nyingine ya kunyamaza.

Nikatoka shimoni.

"Umechoka mapema," Salvina alisema bila kugeuka.

Nilisimama katikati ya ua wake, nikaweka mikono mdomoni, nikapiga mwano.

Kama wewe si wa huku, jua hivi. Mwano ni ukelele wa hatari. Ukisikika, kila mtu anatoka mbio na chochote alicho nacho. Mla ugali anaacha tonge. Hakuna anayeuliza ua ni wa nani, wala kama mwenye ua ametengwa. Na anayepiga mwano wa bure, adhabu yake ni kubwa kuliko ya mwizi.

Nikapiga wa pili. Nikapiga wa tatu, sauti ikapasuka.

"Umekuwa kichaa?" Salvina alitupa jembe.

Walikuja. Wanaume na marungu, na mapanga, na mmoja na sabuni usoni. Akina mama na michi. Masele mbele, filimbi inamning'inia shingoni, anahema. Lusia nyuma yake na kipande cha mkaa bado mkononi. Ua ukajaa, watu wakasimama mpaka ukingoni mwa kaburi, na nikaona nyuso zao zinabadilika walipoliona lile shimo na kuona nani aliyekuwa ndani yake.

"Yuko wapi?" Masele alifoka. "Mwizi? Nyoka?"

"Hakuna mwizi," Lusia alisema. "Ametuleta kwa hila! Ametuingiza kwenye ua wa marufuku!"

"Mama Enock," Masele akasema, sauti imeshuka, jambo ambalo kwake ni baya zaidi. "Unaijua adhabu ya mwano wa uongo?"

"Naijua. Si wa uongo."

Nikaifunua ndoo. Nikatoa makopo, nikayaweka juu ya kifusi cha kaburi, pale kila mtu aone.

"Haya ni maharage," nilisema.

Mtu mmoja akacheka. "Tumekimbia kwa ajili ya maharage!"

"Mbegu moja, siku moja, maji ya kisima kimoja. Hili limepandwa kwenye taka za sokoni alizoleta Salvina. Angalieni majani. Hili limepandwa kwenye nyasi yangu. Nilipulizia dawa ya magugu, nikairundika, nikawauzia. Nyanya zenu nimeziua mimi. Nilijua sheria ya mume wangu nikaivunja. Na siku ya kikao mliniuliza, nikasema maneno ya kweli ili mwongo awe yeye."

Mtu aliyekuwa na sabuni alijifuta kwa mkono.

Lusia alisogea. Akachuchumaa mbele ya makopo. Akagusa jani lililojikunja kwa kidole, taratibu, kama anayegusa mtoto mgonjwa.

"Ndivyo zilivyokuwa," alisema. "Hivihivi. Nilizifunika na majani ya mgomba nikidhani ni jua."

"Dada Lusia, nisamehe..."

"Usiniite dada." Hakupaza sauti. Mara ya kwanza namsikia Lusia hapazi sauti. "Asubuhi hii nilisema huyu achimbe na kucha. Ulikuwa umesimama mbele yangu na jembe. Ukaniambia unakwenda kupalilia maua."

Wengine waliinamisha vichwa, na nikajua hawakuinamisha kwa ajili yangu. Kila mmoja alikuwa anakumbuka alichomnyima Salvina. Mmoja chumvi. Mmoja moto.

Masele alivua kofia. Akamgeukia Salvina, aliyekuwa bado amesimama shimoni, udongo mpaka mapajani.

"Mama Onesmo," alisema. "Toka humo, mayo, mama yetu. Tafadhali toka."

Salvina hakutoka.

"Tumekosa," Masele akasema. "Mimi wa kwanza. Nilipuliza filimbi kwa mdomo wangu. Toka, tumchimbie mama."

Wanaume wawili wakashuka, wakampokea jembe. Alilishikilia kwanza, vidole havikufunguka, mpaka mmoja wao akavikunjua kimoja kimoja. Walipompandisha juu ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ambayo alikuwa ameibana tangu alfajiri, na akina mama wote wakaipokea, ua mzima ukalia. Ulikuwa msiba sasa.

Na mimi nililia. Masele akanijia.

"Wewe hapana," alisema.

"Mwenyekiti, niache nichimbe tu. Bibi Justa alinilelea Enock nilipokuwa naumwa..."

"Hapana. Kuanzia sasa wewe ndiye uliyetengwa, mpaka wazee wakae wakuhukumu. Hakuna atakayekusalimu. Hakuna atakayekuitikia. Udongo wa Bibi Justa hutaugusa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, hilo la udongo hapana. Nilishika mpini kama Salvina alivyoushika.

Kutoka katikati ya kilio, Salvina akasema, "Aache jembe. Jembe halina kosa."

Nikaliacha. Watu wakanipisha njia pana, pana kuliko ninavyohitaji, na hakuna nguo iliyonigusa.

Njiani niliona aibu, ndiyo. Lakini ilikuwa aibu iliyotulia, kama jipu lililotumbuliwa. Nilijiambia, angalau nimemaliza.

Ndugu zangu, sikuwa nimemaliza.

Getini kwetu, chini ya yale maandishi ya Raphael, Adam alikuwa amesimama anapunga mkono. Gari jeupe lilikuwa linaondoka.

"Wageni wamefurahi!" alisema. Alikuwa hajajua yaliyotokea; mwano aliusikia, akashindwa kuwaacha wageni. Wageni walikuja mapema, saa nzima kabla ya wakati. "Bwana Magesa amesema hajaona mahali taka zinatenganishwa hivi. Amepima joto la lundo kwa fimbo ya marehemu, amepiga picha!"

Nilitazama nyuma yake. Lundo la nyasi lilikuwa limechimbwa ubavuni.

"Adam. Wamechukua nini?"

Tabasamu lake likafa.

"Magunia matatu. Ya mfano. Ya shamba darasa."

"Kutoka lundo lipi?"

"Ndilo lililokuwa limeiva," alinong'ona. "Wangeuliza kwa nini siwapi lililoiva."

Nikakimbia. Gari lilikuwa limefika mwisho wa mtaa. "Simameni!" nilipiga kelele. "Bwana Magesa! Shusha magunia!" Vumbi tu. Nikaweka mikono mdomoni, nikapiga mwano kwa mara ya nne siku hiyo.

Waliobaki mtaani walinisikia, najua. Nilimwona mzee mmoja barazani kwake anainuka nusu, akanitambua, akakaa. Mlango uliokuwa wazi ukafungwa taratibu, bila chuki, kama unavyofunga mlango vumbi likija.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi Salvina. Siku kumi na nne.

Gari likakata kona.

Kisha nikasikia kitu nyuma yangu. Mnyororo unalia kama bata.

Ni guta letu. Lakini Salvina ni mfiwa, na mfiwa hatoki msibani. Niligeuka.

Alikuwa Lusia. Kanga amejifunga kiunoni, anakanyaga pedali, jasho linamtoka; alikuwa ametumwa kuni za msiba. Akafunga breki kando yangu. Hakunitazama. Alitazama mbele, akalipiga guta kofi ubavuni.

"Wewe guta," alisema kwa sauti ya mtaa mzima. "Mimi naongea na guta, kila mtu asikie, siongei na mtu. Guta, nimesikia kelele za magunia. Ni ya lundo lipi?"

Nilielewa. Nikalijibu guta. "La nyasi. Wanapeleka shamba darasa."

"Guta, lile gari jeupe nimekuwa nikiliona. Likija mjini lazima lisimame stendi, kwa Suzana mama lishe, watu wake wapate samaki. Kama kuna mzigo wa kupanda, upande sasa hivi. Kuni zinasubiriwa."

Nikapanda. Nilikaa pale zinapokaa taka, na watu walituona tukipita.

Stendi gari lilikuwepo. Jeupe, milango wazi. Bwana Magesa alikuwa ananawa mikono kwenye beseni, tonge la kwanza bado. Nilishuka guta halijasimama, nikakimbilia nyuma ya gari, nikachungulia.

Palikuwa tupu. Chembe za mboji yangu tu, nyeusi, nzuri machoni, zimesambaa kwenye bati.

"Magunia yako wapi?" nilimuuliza Suzana, aliyekuwa amesimama na mwiko kwenye sufuria. Huyu hakai mtaa wetu, hajui habari za kutengwa.

"Yale matatu? Si wameyapandisha kwenye basi la Ushirombo." Alionyesha kwa mwiko. "Limetoka sasa hivi, vumbi lile pale. Wao wanakwenda Shinyanga. Wamepiga simu, akina mama wa huko wayapokee, wanapanda miche jioni hii. Nyanya na maharage. Nasikia wajane watupu kile kikundi, wamelima ekari mbili kwa mkono."

Nilisikia guta likigonga ukuta nyuma yangu. Lusia alikuwa ameliachia.

"Mama Enock," alisema.

Jina langu. Mdomoni mwake, mchana, mbele ya stendi nzima, na wawili wa sungusungu wa mtaa wetu wakiwa wamesimama kwenye kibanda cha vocha wanamsikia. Aliwaona. Hakulirudisha.

"Mama Enock, mwenyekiti wa kile kikundi ni dada yangu. Na aliyemwambia mwaka jana kwamba mboji ya Nyahanga haina mfano ni mimi."